Giaboksi ya Mkunga

Baba hakuwahi kuandika jina la mafuta kwenye chupa, na ukimuuliza kwa nini, anakuona huna adabu. "Anayesoma chupa ni muuza duka," angesema. "Fundi ananusa." Kwa hiyo rafu ya gereji yetu ilijaa chupa za plastiki za maji ya kunywa, zote saizi moja, zote zimejazwa kutoka mapipani, zote zina kitu cha rangi ya asali ndani yake. Nyingine ni mafuta ya giaboksi, nyingine ni mafuta ya difu, ule mtambo wa gia unaozungusha magurudumu ya nyuma. Kwa macho hata malaika asingezitofautisha. Kwa pua, mtoto mdogo angeweza, maana ya difu yana kiberiti kingi, yaani salfa, yananuka kama yai viza lililochomwa pamoja na tairi, na ukiyavuta kwa nguvu yanakuwasha mpaka nyuma ya macho.

Tofauti hiyo si ya mapambo. Ndani ya giaboksi ya gari la zamani kuna ringi ndogo za shaba. Gia zinapotaka kukutana huku kila moja inazunguka kwa mwendo wake, ringi ndizo zinazoshika na kuzilinganisha. Mafuta ya difu yanateleza kupita kiasi, ringi zinashindwa kushika, na gia zinaanza kusagana na kugoma. Yakikaa humo na kupata moto, kile kiberiti kinaanza kuila shaba yenyewe. Baba alinifundisha haya kabla sijajua kusuka nywele zangu mwenyewe, na mpaka leo nywele sijui, giaboksi najua.

Shida ni kwamba Baba hakuwa na pua. Namaanisha pua ilikuwepo, tena kubwa, na wateja walimwita Mzee Pua kwa sababu ya kazi aliyokuwa akiifanya kwayo. Lakini homa ile ile iliyomchukua Mama miaka mitatu nyuma, yeye ilimrudisha hai lakini ikaondoka na uwezo wake wa kunusa. Hakumwambia mtu. Hata mimi niliyekuwa nikifanya naye kazi bega kwa bega na kula naye meza moja, hakuniambia.

Niligundua siku moja mchana nilipotoka dukani nikakuta majirani wamejaa uani na ndoo za maji, moshi unatoka juu ya dirisha la jiko. Baba alikuwa amekaa mle mle jikoni, miwani puani, ameligeuzia jiko mgongo, anasoma gazeti. Chujio la plastiki lilikuwa limeyeyuka juu ya moto na kitambaa kimeshaanza kuwaka. "Nilikuwa nimezama kwenye habari," aliwaambia majirani, nao wakacheka wakaenda zao. Mimi sikucheka. Kesho yake nilidondoshea mafuta ya taa kwenye kola ya shati lake la kazi, nikamkabidhi. Alilivaa, akashinda nalo kutwa nzima, akaniambia jioni kwamba siku hizi natakatisha nguo vizuri. Nilijiona mchawi kwa kumpima baba yangu namna ile, lakini sasa nilikuwa na jibu.

Sikusema kitu. Tangu Mama afariki, kitu pekee kilichokuwa kikimtoa Baba kitandani asubuhi ni ile gereji. Nyumbani alikuwa mtu wa kukaa kwenye ukingo wa kiti akingoja kupewa chai. Akiingia gereji, mgongo unanyooka, sauti inarudi, anatania wateja. Na watu walikuwa wanamfuata kwa ile pua. Mtu anatoka mbali na gari linalolia, Baba anachovya kidole, anasugua, ananusa, anasema hili limeunguza klachi au hili limeingiza maji, na kweli inakuwa hivyo. Ikijulikana kwamba hanusi chochote, amekwisha, na nilijua akikwisha pale gerejini atamfuata Mama kabla mwaka haujapinduka. Sikutaka kuzika mara mbili. Nilijiambia kwamba bila shaka ameshajua kila chupa inakaa wapi kwenye rafu, ndiyo maana miaka yote mitatu hajakosea. Nikajiona nimepiga hesabu kubwa kweli.

Wiki mbili baadaye akaja mkunga.

Huyu mama alizalisha karibu kila mtu wa mtaa wetu aliye chini ya miaka arobaini, nikiwemo mimi, na hakuacha kunikumbusha kwamba nilitoka nimekunja ngumi. Alikuwa na gari dogo jeupe la zamani alilolitumia kufuata wajawazito usiku na mchana. Asubuhi ile mvua ilikuwa inanyesha kidogo. Aliliingiza juu ya shimo letu la kukarabatia, akazima, akateremka.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu wa ngumi. Baba yako yuko hai?"

"Niko hapa, na bado nina meno," Baba akajibu toka ndani ya shimo.

"Gia ya pili inanisumbua asubuhi. Inaingia kwa kusihiwa, kama mgonjwa anayekataa dawa."

Baba akamwuliza mafuta ya giaboksi yalibadilishwa lini. Mkunga akatazama juu, akahesabu, akakiri hakumbuki. Baba akaguna kwa furaha. Hakuna kitu alichokipenda kama mteja anayekiri kosa.

Akaanza kazi. Kwanza alifungua bolti ya juu, ile ya kujazia, kabla hajaigusa ya chini ya kumwagia. Alikuwa mkali sana kwenye hilo. Fundi mwenye haraka anamwaga kwanza, halafu anagundua bolti ya kujazia imeshika kutu haitoki, na gari la watu limekaa kavu haliwezi hata kurudi nyumbani. Yake ikatoka vizuri. Akafungua ya chini, mafuta ya zamani yakateremka kwenye beseni, meusi, mazito. Sumaku ya kwenye bolti ilikuwa na vumbi laini la chuma tu, hakuna vipande. "Giaboksi nzima kabisa," akasema. "Ina kiu tu." Nikamwona amefurahi, nami nikafurahi kwa ajili yake.

Wakati huo mkunga alikuwa amevuta kiti, amekaa karibu na rafu, ananitazama mimi, anamtazama Baba. Yule mama kazi yake ni kusoma sura za watu walio kwenye maumivu wanaosema hawana maumivu.

"Hivi Mzee Pua," akasema, "nasikia juzijuzi ulikaa na moto jikoni kama mko mkutanoni. Hukusikia harufu?"

"Nilikuwa nasoma gazeti."

"Gazeti linaziba macho. Pua nayo ililisoma?"

Baba akacheka. Alikuwa ameshika chupa aliyoitoa rafuni. Akafungua kifuniko, akaipeleka puani, akavuta taratibu, kisha akanitazama. Ilikuwa tabia yake tangu msiba: akinusa, ananitazama usoni, anatulia kidogo, ndipo anaamua. Nilikuwa nikiipenda sana hiyo tabia. Ila safari hii mkunga naye alikuwa amenikazia macho, na nilijua nikionyesha chochote, wasiwasi, huruma, hata kukonyeza tu, yule mama angejua yote palepale. Kwa hiyo niliukaza uso wangu ukawa kama ukuta.

Na palepale harufu ikanifikia. Yai viza na tairi. Ilikuwa ya difu.

Sikupepesa hata jicho. Nilisimama vilevile kama askari wa gwaride. Baba akanitazama tena, akatabasamu, akasema, "Hii ndiyo yenyewe." Akachomeka mpira kwenye tundu la juu, akaanza kusukuma mafuta kwa bomba mpaka yakaanza kuchuruzika kwenye ukingo wa tundu, maana hicho ndicho kipimo, yakifika tundu yametosha. Akakaza bolti. Akafuta kila tone. Mkunga akasema, "Nakuamini, fundi," akapanda gari lake akaondoka.

Ningeweza kusema. Nimelirudia hili kichwani mpaka limekuwa laini kama sarafu ya zamani. Ningeweza kuangusha ile chupa, ningeweza kujifanya nimeona ufa kwenye mpira, ningeweza kumwambia Baba jambo sikioni. Lakini mbele ya yule mama mwenye macho niliona kila njia inamvua Baba nguo. Nikajiambia mafuta ya difu hayaui giaboksi kwa siku moja, na hilo ni kweli. Nikajiambia kesho nitampigia mkunga, nitatunga kisingizio cha bolti inayovuja, alirudishe gari nilibadilishie mwenyewe wakati Baba amekwenda kula. Kesho tukawa na basi dogo lililokata eksili. Kesho kutwa nikapiga simu mara moja haikupokelewa, na nikaona nafuu kwamba haikupokelewa. Ndivyo nilivyo, najijua. Napenda kazi ya spana, siipendi kazi ya kusema.

Siku ya tisa gari jeupe likaja likivutwa na kamba. Nyuma lilikuwa limebonyea, taa moja imevunjika. Mkunga akateremka kwenye gari lililokuwa linamvuta, mkono wake wa kulia umefungwa plasta nyeupe kuanzia vidoleni mpaka karibu na kiwiko.

"Gia zinagoma," akasema. Hakutania. "Tangu siku ya tatu zilianza kulia. Nikasema labda mafuta mapya yanazoea. Jana naitwa, mama wa watu ana uchungu, niko kwenye kile kilima cha tangi la maji, mvua inanyesha. Nikitaka kurudi gia ya kwanza haiingii. Nikalazimisha, injini ikazima, gari likarudi nyuma mpaka kwenye ukuta. Usukani ukanipiga hapa." Akainua plasta.

"Na yule mama?" nikauliza.

"Alijifungua na majirani zake. Mtoto mzima." Akaushusha mkono. "Yeye mzima."

Baba alivaa ovaroli akashuka shimoni, nami nikashuka nyuma yake. Akafungua bolti ya juu, kisha ya chini, na mafuta ya siku tisa yakateremka kwenye beseni. Yalipaswa kuwa bado yanang'aa. Akayakinga kwenye kiganja, akatoka nayo mpaka kwenye mwanga wa mlango, akageuza kiganja huku na huku. Kulikuwa na unga wa dhahabu ndani yake, mwembamba, unaometameta. Ilikuwa shaba ya zile ringi. Mkunga alikuwa amezilazimisha siku sita zizibebe gia zisizoshikika, nazo zilikuwa zimesagika.

Akapeleka kiganja puani. Akanitazama.

Safari hii sikuweza kukaza chochote. Sura yangu ilikunjamana yote, kwa harufu, kwa aibu, kwa kila kitu, na machozi yakanitoka. Baba akashusha mkono taratibu, mafuta yakamchuruzika kwenye mkono wa ovaroli. Nilimwona anazeeka pale pale mbele yangu.

"Vipi fundi?" mkunga akauliza. "Kuna nini?"

Baba akafungua mdomo. Mimi nikamtangulia.

"Ni mimi, mama. Mimi ndiye niliyezipanga chupa. Nilichanganya, nikaweka ya difu mahali pa giaboksi. Nisamehe."

Mkunga alinitazama. "Wewe," akasema, na ilikuwa vibaya zaidi kuliko kama angenitukana. Akasema gari likipona tumjulishe, akaenda kupanda lile gari lililomvuta.

Baba hakunikanusha. Alisimama akitazama beseni mpaka sauti ya lile gari ikapotea. Nilikuwa nimejitoa mwenyewe, hakuna aliyenilazimisha, lakini sitadanganya: nilitaka anikatalie. Nilitaka aseme hapana, binti yangu hana kosa. Nilikasirika naye kwa namna ambayo sikuwahi kukasirika tangu nizaliwe.

Tulinawa mikono kwenye ndoo moja kwa sabuni ya unga kama kawaida yetu. Alikuwa anasugua kucha kwa brashi, hataki kuinua macho.

"Mbona siku ile hukukunja uso?" akauliza.

"Nini?"

"Siku ile. Ya difu ukiisikia unakunja uso. Tangu mtoto. Pua inapanda, jicho la kushoto linafumba. Hujijui, lakini hujawahi kuacha. Siku ile nilikutazama mara mbili, ukawa mkavu kabisa. Nikasema basi, ni ya giaboksi."

Sabuni ilikuwa inaniwasha kwenye mkwaruzo wa kidole, nikaiacha iniwashe.

"Kwa hiyo chupa hukuwa unajua zinakaa wapi," nikasema.

"Ningejuaje? Wewe ndiye unayezijaza, unazirudisha ovyo. Mimi nilikuwa nakutazama wewe. Miaka mitatu, mwanangu. Kila kazi."

"Nilikuwa nakuficha, Baba. Yule mama alikuwa anakuchunguza. Nimejua tangu siku ya moto kwamba husikii harufu. Nilikaza uso ili asijue."

Akaacha kusugua. "Ulijua?"

"Nilijua. Hata ile harufu niliisikia. Nikanyamaza."

Nadhani kama angenipiga ningeshukuru. Alikaa juu ya tairi lililolala pembeni, mikono inadondosha povu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sasa tungesemeshana tu, si yangekwisha?"

Asubuhi yake alivaa shati safi akaniambia anakwenda kwa mkunga. Nilimfuata ingawa hakuniita. Tulimkuta kibarazani anajaribu kufunga kifungo cha blauzi kwa mkono wa kushoto. Nikataka kumsaidia, akasogea. Baba alisimama chini ya ngazi, hakukubali kiti, akamweleza yote bila kupunguza: homa, pua, miaka mitatu, uso wangu, chupa. "Binti yangu alinibebea jana nami nikamwacha abebe," akasema. "Nimekuja kuubeba mzigo wangu." Nikalia tena, safari hii kwa sababu nyingine, ila halikuwa jambo la kufurahia, kwa sababu mkunga hakulainika.

"Daktari anasema mfupa utaunga," akasema. "Kifundo hakitageuka kama zamani. Mtoto akikaa vibaya tumboni, fundi, kinachomgeuza ni hiki." Akaugusa mkono wake juu ya plasta. "Mimi nilikuuliza mbele ya uso wako kama pua yako inafanya kazi. Sikuuliza kwa utani. Nilikuwa nakufungulia mlango."

"Najua," Baba akasema.

"Haya. Nendeni."

Tulifungua ile giaboksi tukaitengeneza siku nne, ringi mpya, mafuta sahihi, bila mazungumzo mengi. Tulinyoosha na bati la nyuma. Kijana wa dada yake akaja kulichukua. Mkunga mwenyewe hakurudi tena gerejini, na nasikia siku hizi akiitwa anakwenda na msaidizi, anakaa kwenye kiti pembeni ya kitanda anamwelekeza mwenzake cha kufanya kwa mdomo.

Watu walijua, bila shaka. Mtaa wetu jambo likisemwa kibarazani linafika kwa kinyozi kabla hujarudi nyumbani. Wako walioacha kuja. Wengi zaidi waliendelea, wakabadilisha tu jina la utani, sasa ni Mzee Miwani, naye anaitika. Kile nilichokuwa nakihofu, kwamba akijulikana atakufa, hakikutokea. Anaamka, anakunywa chai, anakuja kazini. Nilimvunja mkono mama wa watu kwa kukihofia kitu ambacho hakikuwepo.

Siku ile ile tuliyotoka kwa mkunga nilinunua kalamu nene ya wino usiofutika, nikaandika kila chupa ubavuni kwa herufi kubwa: GIABOKSI, DIFU, GIABOKSI, DIFU. Baba alizipokea bila ubishi. Sasa akitaka mafuta anavaa miwani, anaishika chupa mbali kidogo, anasoma kwa kunong'ona kama mtoto wa darasa la kwanza, anafungua na kumimina. Hajakosea tangu hapo, na hawezi kukosea.

Ila hanitazami. Hana sababu. Mimi sikujua kwamba nilikuwa chombo cha kazi. Tangu tumzike Mama nyumba yetu ilikuwa baridi, Baba si mtu wa maneno, na mahali pekee ambapo alikuwa akiniangalia vizuri, akinikazia macho kabisa kwa upole, akingoja, ni pale kwenye rafu na chupa mkononi. Miaka mitatu nilikuwa nikidhani ni mapenzi. Nilikuwa naamka nikiyafikiria, mtu mzima mimi, nachana nywele kwa ajili ya kuja kutazamwa na baba yangu mara mbili au tatu kwa siku.

Juzi tulikuwa na gari la mwalimu mmoja. Baba akasoma chupa, akafungua, akainama kwenye mpira.

"Baba," nikamwita. "Nitazame."

Akasimamisha bomba. Akaangalia chupa kwanza, akahakikisha maandishi, ndipo akageuka. "Kwani nimekosea?"

"Hapana. Ni yenyewe."

"Basi shika mpira," akasema, akarudi kwenye kazi.